Alama ya Tiki kwa Mtungi Ambao Hukuuona

Mwenyekiti, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzangu, mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Neno maadili likishatajwa ukumbini, nusu ya watu hukaa mkao wa kusinzia. Wanategemea kuambiwa kwamba wizi ni mbaya na ukweli ni mzuri, jambo ambalo kila mmoja wetu alilijua kabla hajang'oka meno ya utotoni. Sitawachosha na hilo. Nataka tuanze na fomu ya ukaguzi wa mitungi ya kuzimia moto.

Kila mwezi mtu mmoja hupewa kazi ya kuizungukia mitungi hiyo. Akifika kwenye mtungi hutazama mambo machache: upo mahali pake na hakuna maboksi yaliyouziba, mshale wa kipimo umesimama kwenye kijani, pini ipo na lakiri yake haijakatwa, mpira na mdomo wake havijapasuka wala kuziba, bati halina kutu wala halijabonyea, tarehe ya fundi kuja kuuhudumia haijapita. Mitungi ya kabonidioksidi haina mshale, ujazo wake hujulikana kwa mizani, na ndiyo ambayo watu huipita haraka kuliko yote. Mtungi mmoja huchukua kama dakika 2. Jengo likiwa na mitungi 24, ukijumlisha na kupanda ngazi, ni saa moja na ushei.

Chukueni mkaguzi mwaminifu kabisa. Mwezi wa kwanza anakagua mitungi 23. Wa 24 umo ndani ya stoo iliyofungwa, na mwenye ufunguo yuko likizo. Mwezi uliopita mtungi huo ulikuwa salama, na mtungi hauna miguu. Muda wa kazi unakwisha. Anatia tiki. Mwezi wa pili stoo bado imefungwa na lifti ni mbovu, kwa hiyo mitungi mitatu ya ghorofa ya juu nayo inapata tiki kwa imani. Mwezi wa tatu anagundua kwamba hakuna aliyeuliza. Kufika mwezi wa sita fomu nzima inajazwa mezani kwa dakika 4, kalamu moja, tiki 24 zimejipanga kama askari wa gwaride.

Sasa mtafutieni siku aliyoamua kuwa mwongo. Hamtaipata. Lau angeulizwa siku ya kwanza, "Utatia sahihi kwa mitungi 24 ambayo hukuiona?" angekataa kwa hasira, na angekuwa anasema kweli. Watu wengi wanaoharibikiwa kazini walilijua lililo sawa, na wengine waliweza kuwafundisha wenzao. Walichokosa ni vitu viwili: kushtuka mapema kwamba hapa ndipo penyewe, na kuwa na neno la kusema dakika ileile. Asubuhi hii nitashughulika na hivyo viwili, na mengine nitayapitia juujuu.

Tuanzie utotoni, kwa kuwa ndiko kila mtu anakoanzia akiulizwa maadili yametoka wapi. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1932, aliwapa watoto visa viwili. Mtoto wa kwanza anaitwa kula. Anasukuma mlango, kumbe nyuma yake kuna kiti chenye trei ya vikombe 15, na vyote vinavunjika. Mtoto wa pili anangoja mama yake atoke, anapanda kabatini kuiba jamu, na kikombe kimoja kinaanguka. Nani mtundu zaidi? Watoto wadogo mara nyingi walihesabu vikombe: wa kwanza ni mbaya, kavunja 15. Waliokuwa wakubwa kidogo walianza kuuliza alikusudia nini.

Kutoka kuhesabu vikombe hadi kuuliza nia ni safari kubwa, lakini hatuimalizi moja kwa moja. Meneja anayemsifu mfanyakazi aliyeendesha gari bila breki nzuri na akafika salama, kisha akamkaripia aliyekataa kuliondoa, bado anahesabu vikombe. Kwa kuwa hakuna kilichovunjika, anaona hakuna kosa.

Baada ya Piaget alikuja mwanasaikolojia wa Marekani, Lawrence Kohlberg. Mwaka 1958 alikamilisha tasnifu yake kwa kuwahoji wavulana 72 wa Chicago kati ya miaka 10 na 16, akipima hoja zao zaidi ya majibu yao. Aliziona ngazi tatu. Ya chini, mtu huogopa adhabu au hutafuta faida. Ya katikati, hutazama kundi lake linategemea nini na sheria inasema nini. Ya juu, hushika misingi anayoweza kuitetea hata mbele ya kundi na sheria. Mwaka 1982 Carol Gilligan alimkosoa kwamba alijenga kipimo chake kwa wavulana watupu, na kwamba aliipa haki uzito wote akasahau kujali na kutunza watu. Ukosoaji huo una nguvu, na hadi leo wataalamu wanabishana. Ila jambo moja katika kazi ya Kohlberg lina manufaa kwetu hapa: watu wazima wengi huishi katika ngazi ya katikati, yaani wakiingia mahali wanauliza, hata kama si kwa sauti, "Hapa watu hufanyaje?"

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni kweli, lakini naiona ni nusu ya habari. Mtu mzima naye hulelewa upya kila anapoanza kazi mpya, na mlezi wake ni ofisi. Mwajiriwa mpya hupewa kanuni za maadili siku ya kwanza, anatia sahihi, anaziweka kwenye droo. Mafunzo yenyewe huanza siku ya pili. Anaona nani anapandishwa cheo. Anasikia watu wanacheka nini wakati wa mapumziko. Anamsikia mkubwa akisema kwenye simu "niko njiani, nimekaribia kabisa" huku amekaa kwenye kiti chake. Anapeleka madai ya safari yenye kilomita alizoenda kweli, na mwenzake anamwambia kwa wema kabisa, "Weka 40, sote tunaweka 40, ukiweka 26 utatuumbua." Hiyo ndiyo elimu ya maadili anayoipata, na hutolewa na watu wazuri wanaomtakia mema. Ndiyo maana napenda kuwaambia wasimamizi: kama mna nguvu ya kusimamia jambo moja tu kwa mtu mpya, simamieni wiki zake za mwanzo na chagueni kwa makini anakaa karibu na nani.

James Rest, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeendeleza kazi hizi, aligawa tendo la kimaadili sehemu nne, na mgawanyo wake ni zana nzuri kwa sababu unaonyesha mahali kitu kilipokatika. Kwanza kuona kwamba jambo lililo mbele yako linagusa haki au usalama wa mtu. Pili kupima lipi ni sahihi. Tatu kulitanguliza hilo mbele ya mambo mengine unayoyataka, kama amani na bosi au kuwahi nyumbani. Nne kuwa na ujasiri na ufundi wa kulitekeleza. Sehemu moja ikikatika, tendo halitokei. Tazameni mafunzo mengi ya maadili: siku nzima inatumika kwenye sehemu ya pili, watu wanapewa vitendawili vya treni na watu watano waliokwama relini. Wanatoka wamenoa akili ya kupima, wakati mkaguzi wetu wa mitungi alikwama kwenye ya kwanza na ya nne.

Kuona basi. Adui wake mkubwa ni haraka, na hili lina ushahidi wa kuumiza. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa uchungaji wa chuo cha teolojia cha Princeton. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la jirani kutoa hotuba fupi. Njiani aliwekwa mtu amejikunja mlangoni, anakohoa na kuguna. Waliokuwa na nafasi ya kutosha, asilimia 63 walisimama kusaidia. Walioambiwa waende sasa hivi, asilimia 45. Walioambiwa wameshachelewa, asilimia 10. Na baadhi yao hotuba waliyokuwa wanakwenda kuitoa ilihusu Msamaria Mwema. Kuwa na mada hiyo kichwani hakukuleta tofauti ya maana.

Kwa hiyo mtu mwenye busara hasubiri dhamiri imshtue akiwa mbioni, maana mbioni haishtuki. Anajiwekea vishtuzi vya nje, na vilivyo rahisi kuliko vyote ni maneno. Ukijisikia unasema, au unaambiwa, mojawapo ya haya, simama hata kama huoni tatizo: "mara hii tu", "kila mtu anafanya", "tutarekebisha mwezi ujao", "usiandike, nipigie", "hakuna atakayeumia", "ni agizo la juu." Sentensi hizi hazithibitishi kwamba kuna uovu. Wakati mwingine bosi anataka umpigie kwa sababu tu kidole kinamuuma. Lakini zinatokea karibu na shimo mara nyingi mno kiasi kwamba ni upumbavu kuzipita bila kutazama chini.

Kishtuzi kingine ni jina jipya la kitu cha zamani. Albert Bandura, aliyechunguza jinsi watu wema wanavyoizima dhamiri yao, aliweka majina laini miongoni mwa njia kuu. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa. Rushwa tumeiita chai, soda, asante, kitu kidogo, mkono mtupu haulambwi. Kughushi tumekuita kuweka mambo sawa. Kunyamazia kosa tunasema funika kombe mwanaharamu apite, na tunalisema tukitabasamu. Dawa yake ni ndogo: sema tendo kwa kitenzi chake kikavu. Acha "nimerekebisha takwimu", sema "nimeandika namba ambayo haikupimwa." Kama sentensi hiyo inakuwia vigumu kuitamka, umeshapata jibu.

Mteremko wenyewe unafanyaje kazi? Majaribio ya Stanley Milgram yaliyoanza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale husimuliwa kama habari ya utii. Ni kweli, lakini tazameni mashine yake. Ilikuwa na swichi 30, na mshiriki aliamini kila moja inampiga mtu umeme kwenye chumba cha pili, huku mtafiti mwenye koti akimwambia aendelee. Swichi ya kwanza ilikuwa volti 15, inayofuata 30, kisha 45, kila hatua imezidi iliyotangulia kwa volti 15 tu. Katika toleo linalojulikana zaidi, washiriki 26 kati ya 40 walifika volti 450. Hakuna mtu aliyeambiwa aanze na 450. Na ukishabonyeza 195, una sababu gani ya kukataa 210? Ukikataa sasa umekiri kwamba 195 nayo ilikuwa kosa. Huo ndio mtego wa mteremko: kila hatua inailinda iliyotangulia. Mkaguzi akiandika mwezi wa tatu kwamba stoo imefungwa, ataulizwa mwezi wa kwanza na wa pili aliingiaje.

Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha kipimo cha jambo hilo ndani ya ubongo. Watu walipodanganya kwa faida yao mara kwa mara, uongo ulikua, na mwitikio wa amigdala, sehemu inayohusika na hisia, ulizidi kupoa. Kile kijoto cha aibu cha mara ya kwanza ni king'ora chenye betri inayokwisha.

Dunia ya hesabu ina mfano wake. Katika kampuni ya simu ya WorldCom, Marekani, mwaka 2000, mhasibu mmoja wa ngazi ya kati aliombwa ahamishe dola milioni 828 kwenye vitabu ili gharama za robo mwaka zionekane ndogo. Alishtuka. Aliandaa hata barua ya kuacha kazi. Wakubwa wakamwambia ni mara hii moja tu, na akabaki. Robo iliyofuata ikaja, kisha nyingine. Mwaka 2002 kampuni iliomba kinga ya mufilisi, na mwaka 2005 mhasibu huyo alihukumiwa kifungo cha miezi 5. Tamaa haikumpeleka mle, na ujinga haukumpeleka. Aliiona volti ya kwanza vizuri kuliko wengi wetu. Ninachotaka mkitazame ni ile barua iliyobaki kwenye droo. Kati ya kunyamaza kabisa na kuacha kazi kuna hatua kama nane hivi, na mtu asiyezijua huona milango miwili tu, kisha huchagua ule usiomnyang'anya mshahara.

Hatua hizo basi. Ya kwanza ni kuuliza swali, na swali lina adabu hata kwa mkubwa: "Mzee, naomba unieleweshe, namba hii chanzo chake ni kipi, ili nikiulizwa na mkaguzi nijue pa kumwonyesha." Hujamtuhumu mtu. Umeomba tu njia ya karatasi, na maombi mengi mabaya hufia hapo, kwa sababu yaliishi kwa kutoulizwa. Ya pili ni kusema unachoweza badala ya usichoweza: "Fomu naweza kuijaza leo kwa mitungi 23. Ufunguo ukipatikana kabla ya saa tisa, nitajaza wa 24 leo hii. Usipopatikana nitaandika stoo imefungwa." Tazameni ilivyo rahisi kwa bosi kukubali hilo. Ya tatu ni kuomba agizo kwa maandishi. Hii ina makali, isitumike kwa kila jambo, lakini inafanya kazi: "Nimekuelewa, mama. Naomba uniandikie hata mistari miwili kwenye barua pepe ili niweke kwenye faili." Ya nne ni kuandika wewe mwenyewe baada ya mazungumzo, siku ileile: tarehe, saa, nani alikuwepo, nini kiliombwa, ulijibu nini. Andika ukweli mkavu, usiandike hisia. Maandishi ya siku ileile yana uzito ambao kumbukumbu ya miezi sita baadaye haina.

Halafu tafuta mwenzio mmoja kabla hujapanda ngazi za juu. Huu si umbea. Rudi kwa Milgram: katika toleo ambalo mshiriki alikaa na wenzake wawili, na hao wawili wakakataa kuendelea, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Kutoka 26 hadi 4, mashine ileile, mtafiti yuleyule mwenye koti. Sijui mafunzo ya maadili yanayoweza kuleta mabadiliko ya kiasi hicho. Mtu mmoja akisema "hata mimi sijaridhika na hili", mzigo unakuwa wa watu wawili na unabebeka. Baada ya hapo ndipo kuna msimamizi wa msimamizi, mkaguzi wa ndani, chombo cha nje, na mwisho kuondoka. Wanaoanza na hatua ya mwisho kwa hasira mara nyingi hawana hata karatasi moja mkononi, na jambo lao linageuka kuwa ugomvi wa watu wawili.

Sentensi hizi zinatakiwa ziwe mdomoni kabla ya siku yenyewe. Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya mipango ya namna ya "ikitokea hivi, nitafanya vile", na matokeo yanaonyesha kwamba huwa inafua dafu kuliko nia ya jumla. "Nitakuwa mwaminifu" ni nia. "Nikiombwa kutia sahihi kitu ambacho sikukiona, nitasema, Naomba nikione kwanza" ni mpango. Ya kwanza haina mahali pa kuanzia. Ya pili inaanza yenyewe, kwa sababu tukio ndilo linaloivuta.

Kupima nako nisikuache kabisa. Watu hupenda kipimo cha gazeti: je, ungefurahi kuona tendo lako ukurasa wa mbele? Si kibaya, ila kina matundu. Kuna mambo sahihi yanayoonekana vibaya gazetini, kama kumwachisha kazi mtu mpole ambaye hajui kazi, na kuna mabaya ambayo wasomaji wako wangeyashangilia. Mimi hutegemea zaidi swali jingine: nani atalipa gharama za uamuzi huu, na je, yumo humu ndani? Mtungi usiokaguliwa hulipiwa na mtu atakayelala jengoni usiku wa moto, na hayupo kwenye kikao. Kilomita zilizoongezwa hulipiwa na bajeti ya mtu mwingine. Ukimtaja huyo asiyekuwepo kwa sauti, mazungumzo hubadilika.

Angalieni pia swali lenyewe lisibadilishwe mikononi mwenu. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za Challenger, chombo cha anga cha Marekani, walipinga kurusha kwenye baridi iliyotabiriwa, kwa sababu vipira vya kuzibia maungio vilikuwa havina uzoefu chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi. Makamu wa rais wa kampuni hiyo upande wa uhandisi, aliyekuwa pamoja nao, akaambiwa na mkubwa wake avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Akavaa. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 walikufa. Usiku ule hapakupatikana takwimu mpya hata moja. Kilichobadilika ni swali, kutoka "ni salama?" kuwa "tunaamuaje kama wafanyabiashara?" Mtu akikubadilishia kofia katikati ya kikao, muulize kama maungio yamebadilika nayo.

Mgongano wa maslahi nitausema kwa kifupi kwa sababu utaratibu wake unajulikana, ila unakosewa sehemu moja. Ndugu yako ameleta zabuni. Watu husema, "Mimi nitakuwa wa haki, mnanijua." Huenda. Lakini hakuna anayeweza kukagua upendeleo wake mwenyewe, maana mkaguzi na mkaguliwa ni kichwa kimoja. Tangaza kwa maandishi kabla bahasha hazijafunguliwa, toka chumbani wakati wa mjadala, na jina lako lisiwe kwenye orodha ya waliotoa alama. Kutangaza baada ya bahasha kufunguliwa ni kama kufunga mkanda baada ya ajali. Na kutangaza kisha ukabaki chumbani ni kosa lilelile likiwa limevaa suti.

Sasa kwenu wakuu wa idara, nanyi msije mkadhani nimewaruka. Mfanyakazi hutembea kwenye sakafu mliyoijenga. Mwaka 2016 ilifahamika kwamba wafanyakazi wa benki ya Wells Fargo, Marekani, walikuwa wamefungua akaunti zilizokadiriwa wakati huo kufika milioni 2 bila idhini ya wateja. Benki ilikuwa imewafukuza wafanyakazi wapatao 5,300, ikapigwa faini ya dola milioni 185. Lengo lililokuwa likisukumwa ni bidhaa 8 kwa kila mteja. Watu 5,300 hawaharibikiwi kwa bahati mbaya mahali pamoja. Lengo likishakuwa halifikiki kwa njia halali, mmeshaandika agizo la kughushi, mmeacha tu kulitia sahihi. Kwa hiyo mnapopanga lengo, pigeni hesabu ya muda: mitungi 24 kwa dakika 2, ngazi, funguo, kuandika. Kama mkaguzi amepewa nusu saa katikati ya kazi nyingine tatu, fomu yenu inawadanganya tangu ilipochapishwa.

Msitafute ujanja wa karatasi pia. Mwaka 2012 ilichapishwa makala iliyosema kwamba mtu akitia sahihi juu ya fomu kabla ya kuijaza, husema ukweli zaidi. Mashirika yalipenda, fomu zikabadilishwa. Mwaka 2020 majaribio ya kurudia hayakuona kitu, na mwaka 2021 makala ikaondolewa kwa sababu takwimu za jaribio lake mojawapo zilikuwa za kupikwa. Makala kuhusu uaminifu! Ningecheka kama isingekuwa inauma.

Kinachosaidia ni kidogo na kinachosha. Msimamizi achague mitungi miwili kila mwezi bila kutangaza, aende aitazame mwenyewe na fomu mkononi. Fomu iwe na nafasi ya tatu mbali na "sawa" na "mbovu", yaani "sikukagua, sababu ni hii", na mtu anayeijaza asiitwe ofisini kama mhalifu. Fomu nyingi hazina nafasi hiyo, kisha tunashangaa kwa nini kila kitu ni sawa. Na mtu akileta habari mbaya, sekunde 10 za kwanza za uso wako ndizo sera ya maadili ya idara. Ukifoka, habari itakuwa imewafika wote kabla ya chakula cha mchana, na wiki ijayo utaletewa habari njema tupu.

Limebaki la mtu aliyekwisha kuteleza, naye yumo humu, pengine ni wengi. Kosa kwenye kumbukumbu halifutwi kwa wino mweupe wala halichaniwi. Kata mstari mmoja ili kilichoandikwa bado kisomeke, andika kilicho sahihi kando yake, weka herufi za jina lako, tarehe ya leo, na sababu kwa maneno machache. Usirudishe tarehe nyuma. Kisha nenda kwa msimamizi ukiwa na karatasi hiyo mkononi, usingoje uitwe. Sema mambo matatu tu: nini kilitokea, kimegusa nini, nimeshafanya nini. "Bosi, tiki ya stoo ya mwezi uliopita na wa kabla yake sikuuona mtungi. Nimesahihisha fomu zote mbili. Ufunguo nimeuomba, nakwenda kuutazama sasa." Maelezo marefu ya kwa nini yaje ukiulizwa, kwa sababu yakitangulia hugeuka utetezi. Itauma, na huenda ukapewa barua. Mwezi wa pili ni barua. Mwezi wa ishirini na nne sijui ni nini.

Kwenye meza ya mbele kuna fomu tupu za ukaguzi na kalamu. Kila mmoja achukue moja, ageuze nyuma, na aandike sentensi moja ambayo angemwambia msimamizi wake halisi, kwa lugha anayoongea naye kila siku, siku ambayo ufunguo wa stoo haukupatikana. Msiandike majina. Tuna dakika 10, kisha utamsomea mtu wa kushoto kwako kana kwamba yeye ndiye bosi na amechelewa kikao.